Alama zimeshuka kutoka 94 hadi 71, mbona kaka yangu bado yuko kimya?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Kaka yangu ana miaka 26, alikuwa fundi wa pikipiki hapa Arua. Mwaka jana alianza kusikia watu wakimtukana ambao sisi hatuwaoni, akasema redio inasoma mawazo yake. Hospitali walituambia ni skizofrenia, tukakubali aingie kwenye utafiti. Anameza haloperidol asubuhi na jioni, na kila mwezi anachomwa sindano ya Modecate. Wamempima mara mbili kwa maswali marefu. Mara ya kwanza nilikuwa naye, yakaulizwa kwa Kiingereza na mtu akatutafsiria, maana nyumbani tunaongea Kilugbara. Karatasi ikaandikwa PANSS 94. Baada ya wiki nane alikwenda peke yake, akahojiwa kwa Kiswahili na mtu mwingine, ikaandikwa 71. Chini yake kuna P 27 imekuwa 14, N 24 imekuwa 23, G 43 imekuwa 34. Muuguzi alifurahi sana. Mimi ninayeishi naye simwoni aliyepona. Sauti zimekwisha, kweli, ila anashinda chini ya mwembe tangu asubuhi, haongei, haogi mpaka aambiwe, uso hauchangamki. Je, 71 maana yake bado anaumwa asilimia 71? Wanapimaje akili kwa namba? Tuombe dozi iongezwe ili namba ishuke zaidi? Nimeipata fomu hiyo kwenye simu nikamjazia mwenyewe, ikatoka 102. Nimechanganyikiwa.

JIBU: Dada, pole kwa kuuguza. Umefanya vizuri kunakili zile namba ndogo za chini, kwa sababu jibu la swali lako kubwa limo humo, si kwenye 71 yenyewe.

Tuanze na lililokutisha: 71 si asilimia. PANSS, kipimo cha ukali wa dalili za skizofrenia, ina vipengele 30, na kila kipengele hupewa alama kuanzia 1 hadi 7. Alama 1 ni kwamba dalili haipo, 2 ni ya kushuku tu, 3 ni hafifu, 4 wastani, 5 imepita wastani, 6 kali, 7 kali kupindukia. Zote 30 hujumlishwa. Kwa kuwa hakuna sifuri, asiye na dalili hata moja hutoka na 30. Mimi na wewe tukihojiwa leo tutaanzia hapo. Juu kabisa ni 210.

Hiyo 30 ya chini huwapotosha hata watu wa kazi hii. Ukichukua zile 23 zilizopungua ukazigawa kwa 94 utapata nafuu ya asilimia 24 hivi, na hesabu hiyo ni mbovu, maana ndani ya 94 kuna 30 ambazo hazikuwa ugonjwa. Ziondoe kwanza pande zote mbili: 94 inabaki 64, na 71 inabaki 41. Zimeondoka 23 kati ya 64, sawa na asilimia 36. Mwaka 2005 Leucht na wenzake walilinganisha alama za PANSS na maoni ya jumla ya madaktari kuhusu wagonjwa wale wale: 58 hivi iliendana na mgonjwa wa hali hafifu, 75 hali ya wastani, 95 hali iliyo dhahiri kwa kila mtu, na 116 hali kali. Kaka yako ametoka karibu na ile ya tatu akashuka chini kidogo ya ile ya pili. Muuguzi hakufurahi bure.

Sasa rudia hesabu ile ile kwa kila herufi. P ni dalili zilizoongezeka kwa mtu ambazo hazikuwapo: imani potofu, maruweruwe, maneno yasiyoshikana, kujikweza, shuku, uhasama. Ina vipengele 7, kwa hiyo mwanzo wake ni 7. Kaka yako alikuwa 20 juu ya mwanzo, sasa ni 7 juu yake. Karibu theluthi mbili imeondoka. G ni mchanganyiko wa vipengele 16, kuanzia wasiwasi na huzuni hadi umakini na kujitambua kwamba anaumwa. Hapo ametoka 27 hadi 18 juu ya mwanzo, theluthi moja. N ni yale yaliyopungua, yaani dalili hasi: uso uliokufa ganzi, kujitenga, kukosa hamu, maneno machache. Hapo ametoka 17 hadi 16. Moja tu, na alama moja hata mpimaji yule yule akirudia kesho anaweza kuipata bila chochote kubadilika.

Kwa hiyo wewe na muuguzi hamsigani hata kidogo. Yeye ametazama jumla, nawe unaishi na N kutwa. Jumla imeshuka kwa sababu P imeporomoka, ikaifunika N ambayo haijasogea. Hii ndiyo sababu naona jumla ya PANSS, ikitolewa peke yake, humdanganya ndugu wa mgonjwa zaidi ya inavyomsaidia. Omba kila mara herufi tatu.

Umeuliza akili inapimwaje kwa namba. Akili haipimwi, zinapimwa dalili, moja moja, za siku saba zilizopita. Siku saba, si mwezi. Kama wiki hiyo alikunywa waragi msibani au alitafuna mairungi, alama zitaisimulia wiki hiyo. Tena kipimo hiki hakitambui ugonjwa. Skizofrenia hutambuliwa kwa historia ya miezi, kwa mazungumzo, na kwa kuondoa sababu nyingine kama kifafa, VVU, kaswende iliyofika kwenye ubongo, bangi na pombe. PANSS huja baada ya hapo, kuonyesha ukali na mabadiliko.

Ilichapishwa mwaka 1987 na Stanley Kay, Abraham Fiszbein na Lewis Opler wa Marekani. Walichukua vipengele 18 vya kipimo cha awali kiitwacho BPRS, kilichoanza mwaka 1962, wakaongeza 12 kutoka kipimo kingine, kisha wakaandika kwa kila kipengele sifa za kila alama ili mpimaji asikisie. Tazama P3, maruweruwe. Mpimaji huuliza: kuna wakati unasikia sauti na hakuna mtu karibu? Zinasema nini? Ni wazi kama ninavyoongea sasa? Mara ngapi kwa siku? Zikikuamuru, unatii? Zikija mara moja moja na kupita bila kumbadilisha, ni 3. Zikija mara nyingi ila si mfululizo, na mwenendo ukatikisika kidogo, 4. Zikivuruga fikra na kumkatiza shughuli, mathalani ameacha gurudumu limefunguliwa nusu akaondoka gereji kumsaka anayemtukana, hiyo ni 5. Zikiwapo karibu muda wote na maisha yamevurugika, 6. Akiwa amezama humo hata wewe uliye mbele yake hakufikii, 7. Sifa za alama mbili zikimfaa zote, huandikwa ya juu. Mahojiano kamili huchukua dakika 30 hadi 40, ndiyo maana kliniki za kawaida hazina nafasi nayo na mara nyingi utaikuta kwenye utafiti.

Mahali panapohitaji akili ya mpimaji kuliko fomu ni P1, imani potofu. Mtu akisema shangazi yake amemroga kwa ugomvi wa shamba, na ukoo mzima unasema hivyo hivyo, hiyo peke yake si dalili. Ni imani anayoshiriki na watu wake, uikubali usiikubali. Mpimaji mzuri huuliza: ulijuaje? Nani mwingine anasema hivyo? Je, inawezekana si hivyo? Kaka yako aliposema redio inasoma mawazo yake, hakukuwa na jirani wala mzee aliyekubaliana naye, na hakuna maelezo yaliyomtikisa. Hapo alama hupanda.

N5 ni kipengele kingine cha kutazamwa kwa jicho la pili. Hupima uwezo wa kufikiri mambo yasiyoshikika, na njia yake mojawapo ni methali. Akiulizwa maana ya “haba na haba hujaza kibaba” akajibu kwamba unga ukitiwa kidogo kidogo chombo hujaa, amebaki kwenye unga, na alama itaongezeka. Ila kijana aliyelelewa kwa Kilugbara, Kiswahili akakiokota gereji, huenda hajawahi kukutana na methali hiyo. Angeulizwa ya nyumbani kwao. Hata pasipo tatizo la lugha, wachambuzi wengi wa kipimo hiki huiondoa N5, pamoja na N7, kwenye kundi la dalili hasi. Uchambuzi wa Marder na wenzake wa mwaka 1997 unahesabu N1, N2, N3, N4 na N6, ukiongeza G7, mwendo mzito, na G16, kukwepa watu. Ukitaka kujua habari ya mwembe, omba alama za hizo saba.

Sasa tuseme ukweli kuhusu vipimo hivi viwili. Havikufanywa kwa namna moja. Mara ya kwanza mkalimani alikuwa katikati, na mkalimani hukata mtiririko wa maneno. N3, ambayo hupima maelewano kati ya mpimaji na mgonjwa, na N6, ambayo hupima kama mazungumzo yanatiririka, huonekana mbaya kuliko zilivyo. Mara ya pili lugha ilikuwa ya moja kwa moja, ila wewe hukuwapo, na hilo ni pengo kubwa zaidi. N4 na G16 hazijibiwi kwa mazungumzo peke yake. Maelekezo ya kipimo yanataka taarifa ya ndugu au mhudumu anayemwona mgonjwa kila siku. Alipokwenda peke yake, nani alieleza habari za mwembe? Kijana wa hali hiyo akiulizwa siku zake zikoje hujibu “niko sawa” na kunyamaza. Kwa hiyo ile 24 huenda ilizidishwa kidogo, na 23 huenda imepunguzwa. Anguko la P kutoka 27 hadi 14 halielezeki kwa kubadilika kwa mpimaji, tena wewe mwenyewe unathibitisha kwamba sauti zimekwisha. Hilo liamini. La N lisubiri kipimo cha tatu, nawe uwepo.

Fomu ya kwenye simu iache. 102 yako haitokani na uongo. Inatokana na kwamba umejaza ya miezi yote badala ya siku saba, ukamlinganisha na kaka unayemkumbuka badala ya sifa zilizoandikwa, na ukajibu kwa niaba yake mambo ambayo ni yeye tu anayeyajua, kama hatia na hofu. Wapimaji hufundishwa kwa kuwapa mgonjwa mmoja kila mtu ampime, kisha alama hulinganishwa kipengele kwa kipengele mpaka tofauti zao ziwe ndogo. Uliyoyaona una njia bora ya kuyafikisha, nitaieleza chini.

Kwa nini N haijasogea? Haloperidol na Modecate zote hufanya kazi moja: huziba vipokezi, vinavyoitwa D2, vya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya ubongo. Katika saikosisi, yaani hali ya kusikia na kuamini yasiyokuwapo, dopamini humwagika kupita kiasi sehemu ya ndani ya ubongo inayoamua kipi ni cha maana na kipi ni cha kupuuza. Ndipo tangazo la redio linaonekana limemlenga yeye. Ukiziba vipokezi hivyo, umuhimu wa uongo hufifia, na P hushuka ndani ya siku na wiki. Lakini hamu ya kuanza jambo, raha ya kulitarajia, uso unaojibu uso mwingine, hivyo havirudi kwa kuziba. Vikizibwa mno, hupungua zaidi. Mpaka sasa hakuna dawa inayoinua dalili hasi kwa uhakika ule ambao haloperidol inazima sauti, na anayekuahidi hivyo anauza kitu.

Kabla ya kukubali kwamba ukimya huo ni ugonjwa wenyewe, kuna mambo mawili yanayofanana nao ambayo yana tiba. La kwanza ni dawa. Kaka yako anapata mbili za jamii moja kwa pamoja, na mzigo wake hujumlika. Leo jioni mwambie atembee kutoka kwenye mwembe hadi mlangoni na kurudi. Tazama mikono: inapepea mwili ukienda, au imening'inia kama imefungwa? Akigeuka, anageuka kwa hatua moja mbili au anakanyaga vidogo vidogo vingi? Tazama kama mate yanamtoka, kama vidole vinatetemeka akiwa ametulia, kama mwandiko umekuwa mdogo. Ukiona mawili au matatu ya haya, uso huo usiochangamka huenda ni ukakamavu wa misuli, na mpimaji asiyeangalia atauandika N1 akidhani ni ugonjwa. Hospitali ina kipimo chake cha hilo, Simpson-Angus cha mwaka 1970, vipengele 10, ambacho mpimaji humkunja mgonjwa viungo na kusikia ugumu wake kwa mkono. Uliza kama kilifanywa.

Kuna pia kinyume chake: asiyeweza kutulia, anakaa na kuinuka, anakanyaga papo hapo kama ardhi ina moto. Hiyo nayo ni ya dawa, huchosha sana, na mara nyingi husomwa vibaya kuwa ugonjwa umerudi, dozi ikaongezwa, hali ikazidi. Si hali ya kaka yako kwa maelezo yako, lakini ijue.

La pili ni sonona, huzuni nzito isiyoondoka. Sauti zikiondoka, wengi huamka na kuona kilichopotea: kazi, marafiki, jina mtaani. Kipindi hicho cha kupata nafuu kina hatari ya kujidhuru, na ukimya huificha. Kipimo kinachofaa hapa ni cha Calgary, vipengele 9, kila kimoja 0 hadi 3, kilichotengenezwa makusudi ili kutenganisha sonona na dalili hasi. Ikizidi 6 daktari huchukulia kwa uzito. Nawe unaweza kuuliza kwa lugha ya nyumbani, mkiwa wawili: unaona mbele kuna kitu? Unaamka kabla ya alfajiri na kushindwa kulala tena? Unajilaumu? Umewahi kufikiria ni bora usingekuwapo? Swali la mwisho halimtii mtu wazo. Mwenye sonona kwa kawaida ana maumivu ndani na ukimpa muda atayasema. Mwenye dalili hasi atakuambia hana neno, na kweli hana.

Ndiyo maana kwa swali la kuongeza dozi nasema hapana, angalau si kwa sababu hiyo. Dozi ya juu huongezwa P ikikataa kushuka, nayo imeshuka. Kuongeza ili kuisukuma N ni kumkaza zaidi. Wala usipunguze mwenyewe nyumbani: sauti zinaweza kurudi, na kwa Modecate hutaona kosa lako mapema kwa sababu sindano hukaa mwilini wiki kadhaa. Yapo ya kuzungumza na daktari. Akikutwa amekakamaa, njia ninayoipendelea ni kubaki na dawa moja, vidonge vikipunguzwa hatua kwa hatua huku sindano ikimlinda. Artane hulegeza misuli upesi, lakini hukausha mdomo, hufunga choo na kupunguza kumbukumbu, kwa hiyo iwe ya muda. Kubadili kwenda risperidone au olanzapine ni njia nyingine. Olanzapine ndiyo inayokakamaza kwa kiasi kidogo kuliko zote hizi, ila huongeza uzito na sukari, na inabidi kuwa na uhakika wa kuipata kila mwezi. Clozapine ni ya wale ambao P imekataa kushuka baada ya dawa mbili tofauti, kila moja kwa dozi ya kutosha na muda wa wiki sita hivi, na inadai vipimo vya damu vya mara kwa mara. Kaka yako hayuko huko. Na kwa kuwa yumo kwenye utafiti, mabadiliko yoyote yapitie kwa daktari wa utafiti. Ile fomu ya ridhaa mliyosaini inawapa haki ya kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu. Isomeni tena, namba za kamati ya maadili zimo humo.

Ikiwa misuli ni milegevu na sonona haipo, basi ni N halisi, na hiyo husogezwa kwa shughuli, polepole. Usimwambie “inuka ufanye kazi”. Chagua jambo moja dogo lenye saa yake: saa tatu asubuhi anamshikia jirani spana anapofungua pikipiki, dakika 15, basi. Likishika wiki mbili, liongeze. Kukaripia huzidisha kujitenga, na nyumba yenye makelele na lawama ni moja ya mambo yanayorudisha saikosisi. Chama cha Mental Health Uganda, kilicho cha wagonjwa na ndugu zao, kinafaa kuulizwa kuhusu kikundi cha karibu nanyi.

Nimesema uiache fomu ya simu. Badala yake chukua daftari. Kila Jumapili jioni andika ya siku saba, vitendo na hesabu, si maoni. “Yuko afadhali” haimsaidii mpimaji. “Alioga mara mbili bila kuambiwa. Alianzisha maneno mara tatu, mara moja kuhusu mpira. Alilala muda wa saa kumi kila usiku. Hakutoka nje ya ua isipokuwa Jumatano. Hakukosa kidonge. Hakucheka hata mtoto alipoanguka na kiti.” Mpimaji akisoma mistari hiyo ana kitu cha kushika kwa N1, N4, N6 na G16. Andika pia tarehe ya sindano, na pombe au mairungi. Wiki ambayo usingizi unapungua kwa ghafla, au anaanza kufunga madirisha mchana na kuzima redio za wengine, iwekee alama; kwa wengi P huanza kupanda hivyo, siku kadhaa kabla sauti hazijasikika.

Siku ya kipimo cha tatu nenda naye, na kabla hakijaanza sema wewe ndiye unayeishi naye. Omba Kilugbara kama yupo anayekijua na aliyefundishwa kupima; kama hayupo, Kiswahili, na mpimaji yule yule wa mara ya pili. Mwisho ulizia mambo haya: alama za P, N na G, zile saba za Marder, matokeo ya ukakamavu na ya sonona, na zile nane za kuitwa ametulia. Hizi nane ziliafikiwa mwaka 2005 na kundi la Andreasen: P1, P2, P3, N1, N4, N6, G5 na G9, zote zisizidi 3, na zikae hivyo miezi 6 mfululizo. Ni kigezo kinachobana, kwa sababu N1, N4 na N6 zimo. Jumla inaweza kushuka vizuri sana na mtu asikifikie. Hata akikifikia, hakisemi kama amerudi gereji. Hilo PANSS haiulizi.

Dawa ikiisha hospitalini, jambo linalotokea, usisubiri mwezi ujao: uliza siku hiyo hiyo kama kuna vidonge vya kushikilia mpaka sindano ije.

Haya hayasubiri daftari wala kipimo. Mpeleke siku hiyo hiyo akisema anataka kufa au sauti zimemwamuru kumdhuru mtu au kujidhuru, akikaa siku mbili bila kula wala kunywa, akikesha usiku mbili tatu mfululizo, shingo ikipinda au macho yakigeukia juu na kukwama, au akiganda katika mkao mmoja bila kujibu. Homa kali pamoja na mwili kukakamaa, jasho na kuchanganyikiwa ni dharura ya dakika hiyo, hata saa nane usiku: usimpe kidonge kingine cha haloperidol, mpeleke na dawa zake zote mkononi, na usikubali itibiwe kama malaria peke yake kabla hujamwambia anayempokea kwamba yuko kwenye haloperidol na Modecate. Anza na kituo cha afya cha daraja la IV kilicho karibu au hospitali ya rufaa ya Arua, ambako kuna kitengo cha akili. Butabika, hospitali kuu ya akili iliyoko Kampala, ni pale ambapo wao wenyewe wataamua kuwapa rufaa, na safari ya kwenda Kampala na mgonjwa aliyechafuka bila barua na bila kutulizwa kwanza ni hatari kwenu nyote mlio kwenye gari.